Nalala na njaa kwenye nyumba yenye friji mbili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 17, kwetu Tanga, mwaka jana nilichaguliwa kuja Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo kwenye hizi programu za kubadilishana wanafunzi, nakaa na familia ya wazungu jimbo la Iowa na nasoma hai skuli ya hapa kijijini kwao. Naomba usiandike jina langu mana watu wa kwetu wanakusoma na mama akijua ninavyoishi huku atalia.

Shangazi tatizo langu ukilisoma utacheka ila mimi wala silicheki. Nalala na njaa. Sio kwamba hawana chakula, yani hapa ndani kuna friji mbili, moja ipo jikoni na nyingine ipo chini besimenti imejaa nyama mpaka mlango haufungi vizuri, na kabati lina biskuti ambazo kwetu mtu angefungulia genge. Shida ni kwamba hakuna anayenikaribisha. Siku niliyofika mwezi wa nane hosti mama alinizungusha nyumba nzima, akafungua friji akasema hii ni yako pia, chukua chochote saa yoyote, hapa ni kwenu. Nikasema asante. Basi ikatoka hiyo, toka siku ile hakuna mtu aliyeniambia tena njoo ule, au ongeza, au mbona umekula kidogo.

Na mimi siwezi kufungua friji ya mtu, sikulelewa hivyo, hata nikienda kwa mama mdogo Pongwe nasubiri mpaka niambiwe.

Wiki ya kwanza ndo ilikuwa balaa. Saa kumi na moja na nusu jioni jua bado linawaka wakaweka mezani kitu kimeokwa kwenye bakuli kubwa, nyama ya kusaga chini, jibini, juu vimepangwa viazi vidogo vidogo, mimi nikajua hii ni chai ya jioni nikala vijiko vitatu kwa adabu. Hosti mama akaniuliza unataka tena, nikasema hapana asante, si unajua kwetu ukiulizwa mara ya kwanza unakataa alafu wanakulazimisha ndo unapokea. Hakunilazimisha Shangazi! Alichukua bakuli akalifunika plastiki akalirudisha kwenye friji mbele ya macho yangu. Nikakaa nasubiri chakula cha usiku mpaka wakazima taa.

Sasaivi nimeshajua kwamba ile ndo dina yenyewe na hakuna kingine mpaka kesho, lakini ile hapana asante haijanitoka, inawahi mdomoni kabla sijafikiri. Asubuhi hosti mama ameshaondoka, yeye ni nesi anaingia alfajiri, hosti dadi naye anauza vipuri vya matrekta katoka, mtoto wao wa miaka 14 anajimiminia konfleksi na maziwa ya baridi anakula amesimama huku anaangalia simu, mimi napita natoka hivyohivyo kusubiri basi la shule. Nategemea lanchi ya shule, na siku ya pitsa yenye vile vipande vya nguruwe nakula saladi na tufaha.

Na nguruwe huku Shangazi we acha tu, upepo ukitokea upande wa mashambani unajua tu upo Iowa. Waliambiwa mapema kwamba sili na kwa kweli hosti mama anajitahidi, ila siku moja amepika maharage mabichi nikaona vipande vidogovidogo vya bekoni ndani, nikasukuma sahani pembeni kimyakimya, nikaona aibu kusema. Hosti dadi akaniangalia alafu akaangalia mke wake, hakuna aliyesema kitu.

Alafu kuna mbwa. Mkubwa, manyoya ya dhahabu, anaingia mpaka chumbani kwangu, nikiwa kwenye mswala anakuja kunusa miguu, na juzi kanilamba mkono nimeshatawadha. Madrasa tumefundishwa kuosha mara saba na moja iwe ya udongo, sasa Shangazi udongo nautoa wapi, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ardhi imekuwa jiwe na juu yake theluji ya magoti.

Kwaiyo nikitoka shule naingia chumbani nafunga mlango. Saa nne usiku ya huku ndo saa moja asubuhi ya Tanga, nampigia mama WhatsApp akiwa anachoma maandazi ya kuuza, namwambia nimeshiba, naangalia yale maandazi yanavyogeuzwa kwenye karai.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita yule mama mratibu anayetusimamia wanafunzi wa eneo hili kaja, kakaa na mimi peke yetu, kaniambia familia ina wasiwasi. Wanasema siwapendi. Eti muda wote nipo chumbani, chakula chao sikitaki, hosti mama akiongea na mimi naangalia chini kama mtu anayeficha jambo, na kazi za nyumbani sisaidii. Hapo kwenye kazi nilitaka nife, mimi kwetu nimeanza kuosha masufuria nikiwa na miaka sita! Kumbe kuna karatasi wameibandika kwenye mlango wa friji ina majina na kazi za kila mtu, na langu lipo toka mwezi wa tisa, kutoa takataka nje na kupanga vyombo vikitoka kwenye mashine. Mimi ningeionaje wakati friji yenyewe siisogelei.

Mratibu kaniuliza kama nataka nihamishwe familia nyingine. Rafiki yangu wa Dar aliyepo Ohio anasema hama haraka, wa kwake wanampeleka kula nje kila wikiendi. Baba mdogo anasema nisihame wala nisiwaogope, hao wanalipwa hela nyingi kunikaa na mimi kwaiyo nidai haki yangu, na pia nianze kutafuta njia nibaki hukuhuku nisirudi. Mimi nikilala nawaza nirudi tu nyumbani. Na Ramadhani inaingia katikati ya mwezi wa pili, sijamwambia mtu, sijui nitaamkaje daku kwenye nyumba ambayo hata maji nanywa ya bombani bafuni.

Nihame, nirudi, au nivumilie mpaka mwezi wa sita?

Binti wa Tanga, Iowa

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Nimecheka sehemu moja tu, ile ya udongo, na utanisamehe. Maji ya bafuni hayakunichekesha hata kidogo.

Kabla hatujaenda popote, leo jioni ukitoka shule nenda jikoni, fungua friji, toa kitu, ule umekaa mezani. Sio chumbani, mezani, ili wakuone. Najua mkono utakuwa mzito kama unaiba, lakini kwenye nyumba ile mtu anayekaa humo na hafungui friji ndiye anayetia watu wasiwasi. Hosti mama alikupa ruhusa siku ya kwanza na kwa akili yake ile ruhusa bado ipo, haiishi muda kama vocha. Kwake kukuambia kila siku njoo ule, ongeza, malizia, ingekuwa ni kukusumbua na kukufanya mtoto mdogo. Wale wanaona heshima ni kumwachia mtu aamue mwenyewe tumbo lake, na ukisema hapana wanaiheshimu hapana yako. Wewe unasubiri heshima ya kulazimishwa, yeye anakupa heshima ya kutokulazimishwa, na bakuli la viazi linarudi kwenye friji.

Sasa jaribu kukaa upande wa yule mama dakika mbili. Ni nesi, kaamka alfajiri, kasimama kutwa kwenye miguu yake, karudi kapika, mtoto wa watu kala vijiko vitatu kasema hapana asante kaingia chumbani kafunga mlango. Kesho hivyohivyo. Mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Mimi ningeshaanza kuuliza majirani kama chakula changu kinanuka! Hasemi kwa sababu anaogopa kukukera, na wewe husemi kwa sababu unaogopa kumkera, na katikati hapo mmemkaribisha mratibu awe mkalimani.

Kwaiyo unaongea naye mwenyewe, tena wiki hii, usingoje mratibu arudi. Sio kikao cha kukaa sebuleni watu wote wanakuangalia, hapana, mvizie akiwa jikoni anapika au anapanga vyombo, simama ufanye nae kazi huku mnaongea, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Mwambie hivi kwa kiingereza chako hichohicho: kwetu mgeni hafungui friji, kwetu tukiulizwa mara ya kwanza tunakataa kwa adabu, kwaiyo miezi yote hii nimekuwa nasema hapana wakati nataka. Mwambie ukweli kwamba umekuwa unalala na njaa. Atashtuka, huenda hata akalia, usiogope, mwache. Muombe kwa huu mwezi wa kwanza ukisema hapana akuulize mara moja zaidi, mpaka mdomo wako uzoee. Alafu mwambie na la macho: kwetu mtu mzima akiongea na mimi naangalia chini, ndo heshima niliyofundishwa. Hilo ulipe uzito, mana kwao anayekwepa macho anaonekana muongo au ana kinyongo, na huyu mama amekaa na hiyo picha yako toka mwezi wa nane. Kama kumtazama usoni kunakushinda, mtazame katikati ya nyusi, hatajua.

La bekoni nalo liseme. Usisukume sahani pembeni kimya, yeye hajui kama umekataa bekoni au umekataa maharage au umemkataa yeye. Iowa ndio jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa kufuga nguruwe, nguruwe ni milioni zaidi ya 20 wakati watu ni milioni 3 na kidogo, sasa mtu aliyekulia hapo vipande viwili vya bekoni kwenye mboga havihesabu kama nyama, kwake ni kama wewe unavyotia kitunguu. Hakukusudia. Mwambie tu hata kidogo kama kiungo sili, na mafuta yake pia sili, atakuelewa, na kama ni mtu wa kujitahidi kama ulivyosema utaona anaanza kukusomea maandishi ya kwenye pakiti dukani.

Karatasi ya kazi wala isikuumize. Sisi wenyewe tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawa wamekupa jembe lako wameliandika jina na kulibandika kwenye friji, umelipita miezi minne. Kuwekwa jina kwenye ile karatasi maana yake wamekuhesabu mtu wa mle ndani. Anza leo, toa hizo takataka bila kuambiwa, na vyombo vikitoka kwenye mashine panga. Ukikosea kabati haidhuru, watavitafuta.

Sasa huyu baba mdogo. Mwambie Shangazi kasema aache. Familia zinazopokea wanafunzi wa sekondari kwa hiyo visa yenu ya J-1 hazilipwi, hiyo ni kanuni ya wizara yao ya mambo ya nje, wanakulisha na kukulaza kwa kujitolea. Kwaiyo ukienda pale na sura ya kudai haki kwa mtu anayelipwa utawaumiza bure. Na hili la kutafuta njia ya kubaki, mtu ambaye safari yake imelipiwa na serikali kwa visa hiyo anatakiwa arudi kwao akae jumla ya miaka miwili kabla hajaomba makazi ya kudumu kule au visa za kazi kama H-1B. Kwenda tena kusoma chuo baadaye inawezekana kwa visa ya mwanafunzi, hiyo ndo njia ya kuiwazia, rudi umalize shule yako vizuri uombe chuo. Kutoroka ni kujifungia mlango mwenyewe na kuwaharibia na watoto wengine wa Tanzania wanaosubiri nafasi.

Kuhama je? Kwa haya uliyoyaandika, nasema usihame kwanza. Haki ya kuhamishwa unayo, na mratibu yupo kwa ajili hiyo, kanuni zinamtaka awasiliane nawe na familia kila mwezi na asikae mbali zaidi ya maili 120 kutoka ulipo, kwaiyo wala usimuone kama askari. Ila angalia unachokihama. Hapa sioni ukatili, naona ukimya, na ukimya huo utauhamisha kwenye begi lako pamoja na masweta. Familia mpya nayo itakuonyesha friji siku moja tu. Nao pia watakula saa kumi na moja na nusu, na utaanza upya na shule nyingine ukiwa umebakiza miezi minne mitano. Huyo rafiki wa Ohio anakuonyesha picha za migahawani, hajakuonyesha Jumatatu yake.

Lakini nisikilize vizuri hapa, na wengine mnaosoma mwenye mtoto huko amsomee. Kama kungekuwa na mtu humo ndani anakugusa, au anaingia chumbani au bafuni ukiwa humo, au anakunyang'anya simu na pasipoti, au wanakunyima chakula makusudi, au wanakulazimisha mambo ya dini, hapo hakuna cha kuongea jikoni wala kuvumilia, unampigia mratibu usiku huohuo, na asipopokea unapiga ile namba ya dharura ya wanafunzi wa J-1 iliyopo kwenye karatasi mlizopewa siku ya maelekezo, ile ni ya wizara moja kwa moja. Mtoto asiambiwe avumilie vitu hivyo kwa sababu ukoo umeshaaga majirani. Na ukishaongea na hosti mama, ukala, ukatoka chumbani, ikafika mwezi mzima bado mioyo haijakutana, basi omba kuhama na usijione umeshindwa, kuna nyumba na mtu haziendani tu.

Kurudi ndo kabisa toa kwenye hesabu kwa sasa. Mwezi wa kwanza na wa pili ni mibaya kwa kila mwanafunzi anayetoka nchi za joto, giza linaingia mapema, baridi inakufungia ndani, sikukuu zimeisha, watu wote wamechoka. Mtoto wa dada yangu alikaa mwaka mzima Minnesota, hapo juu yenu kidogo, mwezi wa pili alikuwa anaandika meseji za kuaga dunia, mwezi wa tano hataki kurudi. Ongeza na njaa juu yake, mtu mwenye njaa kila kitu anakiona kimemchukia.

Ramadhani sasa, na hapa nina furaha kidogo. Mwaka huu wa 2026 inategemewa kuanza tarehe 18 au 19 Februari kufuatana na mwezi. Ukiwa Iowa wakati huo jua linazama kama saa kumi na mbili kasorobo jioni na alfajiri inaingia kwenye saa kumi na moja na nusu na kidogo, kwaiyo utafunga saa chache kuliko Tanga, na dina ya hao watu ni saa kumi na moja na nusu! Waombe tu isogezwe robo saa mbele, mtafuturu meza moja. Kuwa makini tarehe 8 Machi, siku hiyo Marekani wanasogeza saa mbele saa nzima, magharibi itarukia saa moja na dakika kumi hivi, na hapo usiwaambie wakungoje, waambie wale saa yao wakufunikie sahani yako. Chukua ratiba ya saa za jimbo lako kwenye intaneti ichapishe shuleni na ukaibandike palepale kwenye friji, pembeni ya karatasi ya kazi. Daku nayo, nani anaamka alfajiri humo ndani? Si hosti mama. Nina hakika mtakutana jikoni nyie wawili watu wote wamelala, mmoja anakunywa kahawa mmoja anakula, na mtaongea zaidi ya mlivyoongea toka ufike.

Usiogope kuwaambia kabisa. Hizi safari hazikuanza jana, AFS, moja ya mashirika ya kubadilishana wanafunzi, wamekuwa wanapeleka wanafunzi kukaa kwenye nyumba za watu tangu 1947, na kama wewe upo kwenye ile programu inayoitwa YES ndo usiseme, hiyo serikali ya Marekani iliianzisha 2002, mwaka mmoja baada ya yale ya Septemba 11, makusudi kabisa vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakae na Wamarekani wajuane. Walipokuchagua kwenye yale makaratasi walisoma kwamba wewe ni Muislamu unatoka Tanga. Sasa unawaficha mfungo wa nini, mana huenda hilo ndo jambo walilokuwa wanalisubiri waulize na hawajui wataanzia wapi.

Na usidhani upo peke yako kwenye hayo mahindi. Hapo Iowa, mji wa Cedar Rapids, kuna msikiti umejengwa 1934 na wahamiaji kutoka Syria na Lebanon, wanauita Mother Mosque of America, ni miongoni mwa misikiti ya zamani kabisa Marekani iliyojengwa tangu mwanzo kuwa msikiti na mpaka leo upo. Alafu Cedar Rapids hapohapo, Iowa City na Des Moines wapo Wakongomani na Warundi wengi, watu wanaongea Kiswahili dukani na kanisani, chao cha kule bara lakini utakielewa na watakucheka chako cha pwani. Muombe hosti dadi siku ya wikiendi barabara zikiwa safi akupeleke, sema unatafuta tende, tui la nazi na unga. Usiende peke yako na mtu usiyemjua hata akiongea Kiswahili kitamu vipi, pita kwa mratibu kwanza.

Ukirudi na hilo tui, pika. Maharage ya nazi na wali, basi, usijitie kupika biriani siku ya kwanza. Pilipili weka pembeni. Na wakishamaliza sahani ya kwanza waulize mara tatu kama wanataka tena, walazimishe kama kwenu, alafu uwaambie kwamba mimi miezi yote hii nilikuwa nasubiri hivi. Watalielewa hilo kuliko hotuba yangu yote.

Mama naye mwambie. Najua hutaki alie, ila unavyomdanganya umeshiba saa moja asubuhi kila siku unajiongezea mzigo, na kwa ninavyowajua wanawake wa Tanga hatalia sana, atakuuliza ulikuwa unasubiri nini mpaka leo. Simu punguza, sio kwa sababu ni vibaya kuongea na mama, ni kwa sababu saa nne usiku unapokesha kuangalia maandazi ndo saa unazotakiwa kulala, na jioni hizo zingine ungekuwa sebuleni na yule kijana wa miaka 14 mnagombania rimoti. Mpigie Jumamosi asubuhi yako, kule ni jioni ameshafunga biashara, na siku moja mpe simu aongee na hosti mama hata kama hawaelewani neno. Wamama wakionana hivyo kuna mambo yanaisha.

Kuhusu mbwa, mimi sio shehe, muulize ustadhi wako wa madrasa kwa meseji, mwambie na habari ya barafu usimfiche, mana Wamaliki, wale wanaofuata madhehebu ya Imam Malik, wana kauli nyepesi kwenye mate ya mbwa na yeye ndiye wa kukuambia kama unaweza kuifuata. Kwa upande wa hosti mama ni rahisi kuliko yote uliyoniandikia, mwambie tu saa za swala mbwa asiingie chumbani na ukimaliza utafungua mlango. Wamarekani wana mpaka vigeti vya plastiki vya kuzuia mbwa mlangoni, inawezekana wanacho hapo besimenti nyuma ya hiyo friji ya pili.

Shangazi